Ganda Hutangulia Punje: Jinsi Jeni Zinavyoliunda Ua la Mpunga

Mwenyekiti wa kikao, walimu, wanafunzi wa kilimo, wazalishaji wa mbegu na wakulima mliofika, naomba itifaki izingatiwe.

Tumeombwa tuzungumze juu ya ua la mpunga. Wengi wakisikia ua hutafuta rangi, na kwenye mpunga hawaioni. Hakuna petali za kutazamwa wala harufu ya kumwita nyuki. Lakini lile ganda linalobaki mashineni baada ya kukoboa, lile ambalo wengine huchomea matofali, ni sehemu ya ua. Liliumbwa na kufikia ukubwa wake kabla punje haijaanza kujaa. Punje huja baadaye, ikakuta chumba kimeshajengwa, na haiwezi kuwa kubwa kuliko chumba hicho.

Hoja yetu leo ni hiyo. Urefu wa punje, upana wake, idadi ya punje kwenye suke, na sehemu kubwa ya mapepe (maganda matupu yasiyo na punje), huamuliwa ndani ya ua wakati suke bado limefichwa kwenye shina. Kwa mpunga wa nchi za joto, tangu suke linapoanza kuumbika hadi kuchanua ni kama siku 35, na tangu kuchanua hadi kukomaa ni kama siku 30 nyingine. Mkulima huziona hizi 30 za mwisho. Jeni tutakazozitaja hufanya kazi zaidi katika zile 35 za kwanza.

Kabla ya jeni, tulijue ua lenyewe. Chukueni kishuke, yaani kichumba kimoja chenye ua moja, ambacho hakijachanua, kutoka kwenye suke lililochomoza leo au jana. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, pamoja na sindano mbili za kushonea. Anzeni chini, kwenye kikonyo. Pale kuna vijipindo viwili vidogo mno. Msipoviona, kizungusheni kishuke kwenye mwanga. Hizo ni gluma zilizodumaa. Juu yake kuna vijani viwili vifupi, vyembamba, kimoja kila upande, na hivi huitwa lema tasa. Ndipo yanakuja maganda yenyewe: lema, ambayo ni kubwa na ina mishipa mitano, na palea, nyembamba kidogo na yenye mishipa mitatu. Mpunga wenye ndevu hutoa ndevu hizo kwenye ncha ya lema. Kingo za maganda haya mawili zimeshikana kwa kulabu, ndiyo maana mkilazimisha kwa kucha mtapasua kila kitu. Pitisheni sindano kwenye ufito wa upande, taratibu.

Ndani, chini kabisa upande wa lema, mtaona vivimbe viwili vyeupe vinavyong'aa. Hizo ni lodikuli. Halafu stameni 6, viungo vya kiume, kila moja ikiwa na uzi na chavulio, yaani kifuko cha chavua. Katikati ni pistili moja, kiungo cha kike, yenye ovuli (kijiyai) moja tu na stigma mbili za manyoya zinazopokea chavua. Mkihesabu 2, 6 na 1, ua limekamilika. Ngano, shayiri na mahindi zina stameni 3 kwa ua. Mpunga una 6.

Kuchanua kwenyewe ni kazi ya lodikuli. Asubuhi ikipanda, mara nyingi kati ya saa nne na saa sita, lodikuli hunywa maji na kuvimba, zikaisukuma lema nje. Nyuzi za stameni hurefuka kwa dakika chache, vyavulio hupasuka, na chavua humwagikia stigma ya ua lile lile. Baada ya saa moja hivi lodikuli hunywea na maganda hufunga tena, vyavulio vitupu vikibaki vimening'inia nje. Chavua ya mpunga huishi dakika chache tu hewani. Kwa sababu hizi mpunga hujichavusha wenyewe kwa zaidi ya asilimia 95, na kwa aina nyingi tulizonazo ni zaidi ya 99.

Sasa, nani anaiambia seli hii iwe stameni na ile iwe lodikuli?

Mwaka 1991 Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walitoa kielelezo kinachofundishwa hadi leo, wakitegemea mimea miwili ambayo haina udugu wa karibu na nyasi: Antirrhinum ya bustanini na Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Walisema kuna makundi matatu ya jeni. Kundi A peke yake huleta sepali, vijani vya nje vya ua. A na B pamoja huleta petali. B na C huleta stameni, na C peke yake huleta pistili. Baadaye liliongezwa kundi D kwa ajili ya ovuli, na kundi E linaloshirikiana na mengine yote. Karibu jeni hizi zote hutengeneza protini za ukoo mmoja uitwao MADS, ambazo hushika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Protini hizi hazifanyi kazi mojamoja, hushikana mbili au nne. Likumbukeni hilo, kwa sababu mbele kidogo tutaona kilichotokea pale protini mbili ziliposhindwa kushikana.

Kwa watu wa nyasi, kielelezo hiki kilileta swali gumu: ikiwa hatuna sepali wala petali, lodikuli ni nini? Jibu halikutoka kwenye kutazama kwa lenzi. Lilitoka kwenye mimea yenye kasoro. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba mahindi ambayo jeni yake ya kundi B, iitwayo silky1, imeharibika hutoa pistili mahali pa stameni, na lodikuli zake hugeuka vijani mfano wa maganda. Mwaka 2003 watafiti wa Japani wakaonyesha jambo lile lile kwenye mpunga. Jeni inaitwa SUPERWOMAN1, au OsMADS16. Ikiharibika, stameni zote 6 zinakuwa pistili, na ua zima linabaki la kike. Hapo ikawa wazi kwamba lodikuli zimesimama mahali pa petali, na kundi B linafanya kazi kwenye mpunga kama linavyofanya kwenye maua ya bustanini.

Lakini mpunga hauigi kila kitu. Utafiti ule ule wa 2003 ulieleza jeni ya pili, DROOPING LEAF, ambayo haimo kabisa kwenye ukoo wa MADS. Ikiharibika, pistili hugeuka stameni. Pamoja na hilo, majani ya mmea huo hulegea na kuinama kwa sababu mshipa mkuu wa katikati haujengeki. Jeni moja, kazi mbili: pistili kwenye ua na uti kwenye jani. Hili lina faida shambani, maana mmea wenye kasoro hiyo unaweza kuushuku tangu miche, wiki nyingi kabla ya kuchanua, kwa kuangalia majani tu.

Kundi C ndilo lenye mabishano. Mpunga una jeni mbili za kundi hili, OsMADS3 na OsMADS58. Mwaka 2006 ilielezwa kwamba zimegawana kazi: ya kwanza zaidi ni ya stameni, ya pili zaidi ni ya kulifanya ua likome, lisiendelee kuzaa viungo juu ya viungo. Mwaka 2011 watafiti wengine walitumia mimea ambayo jeni zenyewe zimevunjwa kwa kuingiziwa kipande cha DNA, wakaona OsMADS58 ikivunjika peke yake ua linabaki karibu la kawaida. Zote mbili zikivunjika, viungo vya uzazi hupotea na lodikuli hujazana mahali pake. Sisi tunaegemea upande wa pili. Jaribio la 2006 lilipunguza tu sauti ya OsMADS58 kwa njia ya RNA (nakala ya kazi ya jeni), na njia hiyo huweza kugusa jeni jirani zenye mfuatano unaofanana. Wanafunzi, mkisoma kwamba jeni fulani “imezimwa”, ulizeni kwanza imezimwa kwa njia gani.

Turudi kwenye protini zinazoshikana. Kwa lodikuli kutengenezwa, protini ya SUPERWOMAN1 lazima ishikane na mwenzake, OsMADS2. Mwaka 2007 ulielezwa mpunga wenye badiliko la asidi amino moja tu katika SUPERWOMAN1. Stameni zake nzima, pistili nzima, mbegu zinapatikana, ila lodikuli ni nyembamba na hazina nguvu ya kusukuma ganda. Ua halifunguki, linajichavusha ndani kwa ndani. Watu walifurahi, kwa sababu mpunga usiofunguka hautoi chavua kwa jirani. Ungefaa kulinda usafi wa mbegu au kuzuia jeni zilizopandikizwa zisitoroke. Ulipopelekwa kwenye baridi, maua yakaanza kufunguka! Baridi ilizisaidia zile protini mbili kushikana tena, na lodikuli zikarudi. Ikabidi litafutwe badiliko jingine la jeni hiyo hiyo lisiloyumbishwa na baridi, nalo likapatikana miaka kumi baadaye. Shayiri nayo ina aina zisizofungua maua, ila jeni yake ni nyingine: Cly1, ya ukoo wa AP2, iliyotambuliwa mwaka 2010. Matokeo yanafanana kwa macho, na mzizi wake ni tofauti kabisa.

Idadi ya viungo ina wasimamizi wake. Kilele kinachozaa ua ni kifungu kidogo cha seli changa, na jeni FON1 na FON2 hukizuia kisinenepe. Moja ikiharibika, kilele hupanuka na ua hupata stameni 7, 8 au zaidi, na pistili mbili au tatu. Msifikiri hiyo ni neema. Pistili mbili ndani ya chumba kimoja hugombea nafasi, na mara nyingi matokeo ni punje zilizopinda.

Kundi E ndilo linalomgusa mkulima moja kwa moja, hasa jeni OsMADS1. Ikiharibika vibaya, lema na palea hugeuka majani: ndefu, kijani, laini, zisizofungana. Stameni hupungua, na mmea mara nyingi huwa tasa. Kwa miaka mingi jeni hii ilijulikana kwa ubaya huo tu. Kisha, mwaka 2018, ikaonyeshwa kwamba kuna aina za mpunga zenye OsMADS1 iliyopungukiwa mkia wa protini yake kwa sababu ya jinsi RNA inavyokatwa na kuunganishwa. Haina utasa. Punje zake ni ndefu, nyembamba, na ubora wa mchele ni mzuri. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba protini ya OsMADS1 hushikana na protini za jeni GS3 na DEP1, mbili zilizokuwa zikijulikana kwa umbo la punje na la suke. Kwa maneno mengine, jeni ya kutengeneza ganda na jeni za kurefusha punje zimo kwenye mnyororo mmoja.

Hapa tukae kidogo.

Orodha ya jeni za umbo la punje ni ndefu, na karibu zote kubwa hufanya kazi kwenye ganda, si kwenye unga wa ndani. GS3, iliyotambuliwa 2006, huzuia urefu. Herufi moja ya DNA ikibadilika, protini inakatika mapema na punje inarefuka. GW2, ya 2007, huzuia upana; ikivunjika, seli za ganda zinagawanyika zaidi na ganda linapanuka. GW5, ya 2008, nayo huzuia upana, na kwenye mpunga wa Japani aina ya Nipponbare kipande cha herufi 1,212 kimepotea, ndiyo maana punje zake ni pana na fupi. GW8, ya 2012, huenda kinyume: huongeza upana. Mpunga wa Basmati una upungufu wa herufi 10 kwenye sehemu inayoiwasha jeni hiyo, hivyo jeni inasema kwa sauti ndogo na punje inabaki nyembamba. Wenzetu wa Mwea nchini Kenya wanaolima Basmati 370 wanalijua umbo hilo. Soko lao limesimama juu yake.

Sasa jambo linalowakosesha wengi wanaoanza kuzalisha aina mpya. Ganda ni tishu ya mama. Halikutokana na kuchavushwa. Mkimchukua mama mwenye punje fupi, mkamletea chavua ya baba mwenye punje ndefu, mbegu mtakayovuna itakuwa fupi, kwa sababu imekua ndani ya ganda la mama. Mtu hutazama, akasema uchavushaji umeshindikana, akatupa. Msitupe. Pandeni mbegu hiyo. Mmea utakaoota ndio chotara, na ganda la chotara mtaliona kwenye suke lake. Kisha, kwenye suke hilo la chotara, punje zote zitakuwa na umbo moja, maana maganda yote ni ya mmea mmoja. Mgawanyiko wa ndefu na fupi mtauona kizazi kinachofuata, kati ya mmea na mmea. Ladha na ulaini wa wali ni habari nyingine: unga wa ndani hutokana na uchavushaji, kwa hiyo punje za suke moja la chotara zinaweza kutofautiana. Anayechagua umbo achague mimea. Anayechagua unga anaweza kuanza na punje mojamoja.

Namna ya kuchavusha kwa mkono inafuata muundo wa ua tulioueleza. Chagueni suke ambalo karibu nusu yake imechomoza. Mpunga huchanua kuanzia juu kushuka, kwa siku 5 hadi 7, kwa hiyo vishuke vya juu vilivyokwisha kufunguka viondoeni vyote, na vya chini vilivyo vichanga mno navyo viondoeni. Bakisheni vile ambavyo, mkivitazama kwenye jua, vyavulio vimefika kama nusu ya urefu wa ganda. Kazi hii ifanyike baada ya saa tisa alasiri, ua la siku hiyo likiwa limeshafunga na la kesho halijaiva. Kateni ncha ya kishuke, kama theluthi moja, kwa mkasi mdogo, kwa mshazari. Toeni stameni zote 6 kwa kibano chenye ncha kali. Hesabuni 6 kila mara. Anayetoa 5 amejitengenezea mbegu ya mama mtupu na hatajua hadi msimu ujao. Chavulio kikipasuka mkononi, tupeni kishuke hicho na mfute kibano kwa spiriti. Funikeni suke kwa mfuko wa karatasi laini na mwandike tarehe.

Kesho yake, kuanzia saa nne, tafuteni baba ambaye vyavulio vyake vinaanza kutoka. Kateni suke lake, mliingize kwenye mfuko kutoka juu, mlitikise juu ya vishuke vilivyokatwa. Hapa wengi hushindwa kwa kuchelewa: hukata suke la baba shamba la mbali, wakatembea nalo, na chavua ikafa njiani. Baba na mama wawekwe karibu, ikibidi kwenye ndoo. Stigma ina subira ya siku kadhaa, chavua haina, hivyo rudieni kesho yake tena. Baada ya siku 4 au 5 ovari iliyoshika huonekana kijani ikichungulia penye mkato. Vuneni siku 25 hadi 30 baadaye. Punje hizi huwa na sura mbaya, ncha imekatika au imevimba nje ya ganda, na ukungu huzipenda; zikausheni kivulini na mzipake dawa ya mbegu. Msizipime urefu wala upana, kwa sababu chumba chake mlikikata wenyewe.

Kuna njia ya pili ya kuhasi, yaani kumwondolea mama chavua yake: ya maji ya moto. Suke linazamishwa kwenye maji ya nyuzi 43 za Selsiasi kwa dakika 5, chavua inakufa na pistili inabaki hai. Vishuke hufunguka vyenyewe baadaye kidogo, visivyofunguka huondolewa. Ni ya haraka, ila inataka kipimajoto cha kuaminika. Maji yakipoa chavua inapona, yakizidi moto pistili inaungua.

Kwa mbegu za chotara za kibiashara hakuna anayetumia kibano. China ilipita njia nyingine: mwaka 1970, kisiwani Hainan, kikosi cha Yuan Longping kilipata mpunga mwitu ambao chavua yake ni tasa, na kufikia 1973 mfumo wa mistari mitatu (mama tasa, wa kumwendeleza mama huyo, na baba anayerudisha uzazi) ulikuwa umekamilika. Utasa huo hurithiwa kupitia kwa mama. Tatizo lake liko kwenye ua na suke: mama asiye na chavua mara nyingi suke lake hubaki limekwama kwenye ala ya jani bendera, lile la juu kabisa, na vishuke vilivyokwama havipati chavua ya jirani. Wazalishaji hupuliza homoni ya jiberelini masuke asilimia 5 hadi 10 yakiwa yamechomoza ili yatoke yote. Wanatafuta pia stigma inayobaki nje ganda likishafunga. Mpunga pori wa Afrika, Oryza longistaminata, ambao wakulima wa Tanzania wanaung'oa kwa tabu kwa sababu ya vishina vyake vya chini ya ardhi, una vyavulio virefu na kawaida ya kuchavushana na jirani. Ni gugu shambani, na kwa mtafiti wa ua ni ghala.

Kuhusu idadi ya punje tutapita kwa haraka. Jeni TAWAWA1 huchelewesha tawi la suke lisigeuke kishuke mapema, hivyo matawi huongezeka. Jeni FRIZZY PANICLE hufanya kinyume, huliambia tawi liache kutanua na lizae ua. Ikiharibika suke huwa msitu wa vitawi bila ua hata moja. Gn1a, ya mwaka 2005, hutengeneza kimeng'enya kinachovunja homoni ya sitokinini, na ikidhoofika sitokinini hurundikana na vishuke huongezeka. Mwaka 2017 ilielezwa pia LATERAL FLORET 1, ambayo mutesheni yake huufanya mpunga utoe maua ya pembeni, penye ile lema tasa. Inapendeza kitaalamu, kwani inaunga mkono wazo la zamani kwamba kishuke cha mpunga kiliwahi kuwa na maua matatu. Lakini tusikimbilie kupiga hesabu ya magunia. Vishuke vingi bila majani ya kutosha kuvilisha ni mapepe, na vya chini kwenye matawi ya pili ndivyo hukosa kwanza.

Tumalizie na mapepe na kasoro, kwa sababu maswali mengi tuliyotumiwa yalikuwa ya aina hiyo: je, ni jeni au ni hali ya hewa?

Baridi huua chavua mapema, si siku ya kuchanua. Kipindi kibaya ni kama siku 10 hadi 12 kabla ya suke kuchomoza, seli za chavua zinapogawanyika. Mtakijua kwa kutazama masikio (vijipembe vilivyo panapokutana jani na ala) ya jani bendera na ya jani lililo chini yake: yakiwa usawa mmoja, mmefika. Usiku wa chini ya nyuzi 19 au 20 hivi kwa siku mfululizo hutosha kuleta hasara kwa aina zisizovumilia. Mwea huliona hili kwa mpunga unaobeba mimba mwezi wa 7 au wa 8. Kuongeza kina cha maji hadi sentimita 15 au 20 kwa siku hizo husaidia, kwa sababu suke bado liko chini kwenye shina na maji hulifunika. Ila kama maji yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani, yatulizwe kwanza kwenye mfereji mrefu au bwawa lipate joto. Naitrojeni nyingi wakati huo huongeza utasa.

Joto lina saa yake. Nyuzi zaidi ya 35 kwa muda wa saa moja, ua likiwa wazi, hufanya vyavulio visipasuke au chavua isiote. Saa moja kabla au baada, madhara ni kidogo. Ndiyo maana watafiti walichukua kutoka mpunga mwitu Oryza officinalis eneo la kromosomu liitwalo qEMF3, linalofanya ua lifunguke mapema asubuhi kwa kama saa moja na nusu hadi mbili, wakaliingiza kwenye aina ya IR64.

Kutofautisha, chukueni vyavulio kutoka vishuke kumi vya siku hiyo, mviponde kwenye tone la iodini na mtazame kwa hadubini. Chavua nzima huwa nyeusi na ya mviringo. Tasa huwa ya njano au imekunjamana. Chavua ikiwa nzima na mapepe ni mengi, shida iko wakati wa kuchanua au kujaa. Chavua ikiwa tasa shamba zima, hesabuni siku nyuma mtafute baridi au ukame. Ikiwa tasa kwenye mmea mmoja katikati ya jirani wazima, au mkihesabu mkakuta si 2, 6 na 1, hapo shukuni jeni.

Mmea kama huo msiung'oe. Kama ni tasa hautawapa mbegu, lakini mpunga ukikatwa huchipua: kateni shina, mgawanye machipukizi, myahamishie kwenye ndoo. Vuneni pia ndugu zake wazima waliotoka kwenye suke moja la mama, kila mmoja kwenye bahasha yake, kwa sababu kasoro nyingi za ua hujificha na, kwa kawaida, theluthi mbili ya ndugu hao wazima wanaibeba. Pandeni mimea 40 kutoka kila bahasha. Bahasha yenye jeni hiyo itatoa mimea kama 10 yenye kasoro. Mkipata 2 au 3 tu, ongezeni mimea kabla ya kusema lolote. Mkikosa kabisa kwenye bahasha zote, basi huenda ilikuwa hali ya hewa au mdudu, na bahasha zirudi ghalani pamoja na mbegu nyingine.